Ndoo Isiyopungua

"Za maji ya mto hizi?" Swali hilo lilitoka dirishani mwa basi, na harufu ya bagia ikaingia kwa dirisha hilohilo. Mama hakuwahi kujibu ndiyo. Alinyoosha kijiko chake cha matundu kuelekea ndoo iliyokaa kando ya jiko, akasema, "Ndoo si unaiona, baba?" Abiria akaridhika, akapokea bagia zake kwenye kipande cha gazeti kilichokwisha kulowa mafuta, na basi likaondoka. Nilikuwa darasa la tatu, na ndoo ile niliiteka mwenyewe. Kila basi lilipoondoka nilibaki na swali nisilokuwa na jibu lake: kwa nini mama hasemi tu ndiyo?

Ulikuwa msimu ambao maduka ya Korogwe yalianza kujaa tena. Mafuta ya kupikia, ambayo nilizoea kusikia watu wazima wakiyataja kwa sauti ya chini kama habari za mgonjwa, sasa yalipangwa barazani kwenye madumu ya njano, na mwenye duka akakuita uje uyatazame. Mabasi ya watu binafsi yaliongezeka, yakashindana kwa honi na kwa rangi. Kina mama wa Korogwe ya zamani walihamisha makarai yao kutoka karibu na mto wakayaleta barabarani, na sifa yao ikawafuata: bagia za kunde zilizolowekwa kwa maji ya Mto Pangani, nje kavu za kulia menoni, ndani laini. Watu waliapa kwamba maji ya bomba huziharibu. Nilimuuliza mwalimu wetu wa sayansi yanaziharibu vipi, akaniambia nigeuze daftari niendelee kuandika.

Kunde zetu zilitoka Kwamsisi kwa mama mdogo, gunia likiwa limefungwa nyuma ya baiskeli. Mama alizichambua jioni, akaziloweka nikiwa nimelala, na nilipoamka nilikuta ameshazisugua maganda na kuanza kuzitwanga pamoja na kitunguu na pilipili. Kazi yangu mimi ilikuwa ndoo. Nikitoka shule nilikwenda mtoni na wasichana wenzangu, pale kina mama walipofulia, kwa kuwa mamba hawakupenda kelele zao. Sharti lilikuwa moja. "Teka, usinywe," mama aliniambia. "Kiu ikikubana, njoo unywe nyumbani." Nikamuuliza mbona maji yanayofaa kwa bagia za watu hayafai kwa koo langu.

"Wewe mtoto, mwisho utauliza kwa nini jua linachomoza."

"Kwa nini linachomoza?"

"Nenda mtoni, Zuhura."

Stendi nzima ilimwita Mama Sefu, ingawa mtoto wake alikuwa mimi peke yangu. Hilo nalo nililiuliza, nikajibiwa kwamba ni jina la ukoo.

Msimu huohuo alikuja Mama Happy kutoka Lushoto, na viazi vyake na karai kubwa kuliko letu. Alikaanga chipsi, kitu kigeni pale stendi, na alikuwa na mdomo uliochekesha hata aliyekuwa akichekwa. Jioni moja, basi la kwenda Handeni likiwa limesimama mbele yetu, alipaza sauti: "Jamani, njooni muone miujiza! Ndoo ya Mama Sefu inakuja imejaa, inashinda imejaa. Bagia zinapikwa, maji hayapungui!"

Madirisha yakajaa vicheko. Mzee mmoja akarudisha bagia zake nje. "Mama, usitufanye watoto. Za mto au si za mto?"

"Sema basi, mama, gari inaondoka," konda akahimiza.

Mafuta yalikuwa yakichemka, na kwa mara ya kwanza niliacha kuyasikia. Karai lile ndilo lililotulisha na kunivisha sare ya shule. Jina la mto likitutoka, hakuna dirisha ambalo lingefunguka mbele yetu tena. Kisha mama akanishika bega. "Anayeteka ni huyu. Muulizeni."

"Nimeteka mwenyewe," nikasema. "Mtoni. Leo hii." Miguu yangu ilikuwa bado na tope.

Mzee akaitazama ile miguu, akacheka, akarudisha mkono wake ndani na bagia zake. "Haya, Mama Sefu, wakili umempata!" alisema Mama Happy, na kabla ya magharibi alikuja kuomba bagia mbili za kuonja, akala nne. Tulipokuwa tunafunga, mama alimwagia makaa maji ya ndoo. Nikamuuliza mbona kweli yalikuwa hayapungui hadi saa ile. "Shika huku tubebe karai," akasema.

Siku hizi mabasi hayakawii Korogwe. Abiria hushushwa kwenye hoteli za barabarani, na bagia hutoka kwenye kabati la kioo. Vijana wa bodaboda bado huuliza kama ni za mto, na wasichana hujibu ndiyo bila kugeuka, bomba likitiririka nyuma yao. Nilipokuwa chuo kikuu nilijiona nimelimaliza fumbo la ndoo: ilikuwa tangazo tu, kama picha ya soda ukutani mwa duka. Tena nilijua kwamba mafuta yanayochemka huua chochote kilichomo majini, kwa hiyo hata yangetumika, maji ya mto yasingemdhuru mtu. Nilifurahia sana jibu langu.

Mwaka juzi, miaka kadhaa baada ya kumzika mama, nilikuwa Kwamsisi nikimenya kunde na mama mdogo, nikamsimulia habari ya ndoo kama kichekesho. Hakucheka. Alisema dada yake alikuwa akiamka gizani kwenda kuteka maji ya kulowekea kwenye bomba la stesheni ya reli, kila usiku, na kwamba hakuna tone la mto lililowahi kugusa kunde zake. Halafu akanionyesha mahali nyuma ya nyumba, penye kaburi dogo lenye majani mafupi. Sefu alikuwa kaka yangu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alipokunywa maji ya mto na kuharisha hadi akafa.