Ndassa juu ya machela

Mjomba wangu Gaspari Niyibizi hana cheo serikalini wala kanisani. Ni mkulima wa migomba na maharage huko Ntobeye, ana mbuzi wachache na goti moja linalomsumbua mvua ikikaribia. Lakini mgonjwa akishindwa kusimama, mlango unaogongwa kwanza pale kitongojini ni wake, kwa sababu machela inakaa kwake. Imeningʼinizwa juu ya jiko ili moshi uikinge na wadudu.

Machela yenyewe ni mianzi iliyosukwa, ikafungwa kwenye miti miwili mirefu. Siku hizi pikipiki zinafika karibu kila mahali, ila pikipiki haimbebi mtu asiyeweza kukaa. Basi wanaume wanne huiweka mabegani, wakashuka kilima, wakavuka barabara, wakapanda upande wa pili hadi kituo cha afya. Mgonjwa hufunikwa blanketi mpaka usoni, asitazamwe kama kitu cha sokoni. Na yeyote anayekutana na machela njiani, awe analima au anakwenda kuchumbia, huacha shughuli yake, hukimbia na kutoa bega. Maswali baadaye. Mama yangu alibebwa hivyo mara yake ya mwisho. Nilikuwa nyuma nikihema, na mpaka leo sijui mabega yale yalikuwa ya nani na nani. Ninachokumbuka ni kwamba hayakukatika mpaka tulipofika.

Sasa, Elick Ndassa. Huyu ndiye tajiri wetu. Alizaliwa upande wa Biharamulo, akaoa Ntobeye, akaanza kwa kununua maharage na kuyabeba kwa baiskeli. Leo ana maghala, mashine ya kukoboa kahawa na mabasi ya kwenda Biharamulo. Likizo ile ndefu niliyoipitisha kwa mjomba, habari zilikuja kwamba Ndassa atavishwa nishani ya taifa kwa mchango wake katika biashara. Mwanawe Danstan akaamua ifanyike sherehe kwanza nyumbani, kwenye uwanja wa shule, na baba yake aingie uwanjani akiwa amebebwa kwenye machela, kama machifu wa zamani aliowaona kwenye picha.

Alikuja kuiomba. Tulikuwa upenuni, mimi na mke wa mjomba, Kalista, tukichambua maharage.

"Hapana," alisema mjomba.

"Kwa nini, mzee wangu? Ni mwendo mfupi tu."

"Baba yako ana miguu?"

"Anayo."

"Basi."

"Ni heshima tu, mzee. Mbuzi wapo, pombe ya ndizi imeshaiva."

"Pombe nitakuja kunywa. Nitakuja kwa miguu yangu, na baba yako aje kwa yake."

Danstan akasema kwa upole wa mtu anayechoma sindano, "Sawa. Ila watu watasema ni wivu. Kwamba mlianza pamoja, mwenzako akapaa, wewe ukabaki na mianzi."

Kalista aliacha kuchambua. Mjomba humwambii kitu akakasirika. Mwite mzee, mwite maskini, atacheka. Lakini wivu hakuwahi kuambiwa. Alitazama migomba yake kwa muda mrefu.

"Atakaa wima," alisema hatimaye. "Uso wazi, apunge mkono, kila mtu amwone ni mzima. Akifunikwa tu, naishusha."

Danstan alipoondoka, mjomba hakutaka hata uji. "Watu wakimkimbilia mtu mzima leo," aliniambia, "kesho machela ikipita na mgonjwa watakaa wakiitazama. Na ile haiendi kwa watu wanne, mwanangu. Inaendeshwa na wanaokimbia."

Siku ya sherehe Ndassa alikuja na suti na tai nyekundu. Alipoketi, miti ililia.

"Mzee, kwani umekula ghala zima?" Frednand, mbebaji wa mbele, aliuliza.

"Beba, kijana. Chakula kiko mbele."

Tulianza vizuri. Ndassa alipunga mkono, watoto wakashangilia, mimi nikitembea kando na mwavuli. Kisha manyunyu yakaanza, yale ya kwetu yasiyoomba ruhusa. Njia ikateleza, mjomba, aliyebeba nyuma, akainamisha kichwa kutafuta pa kukanyaga. Na Frednand, kwa mkono uliozoea kazi hiyo, akamlaza tajiri chali na kumvutia blanketi la machela mpaka usoni. Hakufikiri. Hivyo ndivyo machela inavyofanyiwa mvua ikinyesha.

Mjomba alipoinua kichwa, watu walikuwa wanashuka mashambani mbio.

"Ishusheni!" alipiga kelele. Lakini kwenye mteremko wenye utelezi machela haishushwi, na mabega mapya yalishaingia chini ya miti. Mjomba akasukumwa kando kwa heshima zote: pumzika, mzee. Akasogea karibu na blanketi ili aseme ukweli, nami nikasikia sauti ya Ndassa ikitoka ndani, chini chini:

"Gaspari, nyamaza kidogo. Nataka kusikia."

"Nani huyo?" aliuliza Ansbert, aliyekuja na tope la shambani mpaka magotini.

"Ndassa!" alijibu mtu.

"Yupi, wa nishani? Jamani, hata hajaivaa!"

"Presha hiyo. Furaha nayo inaua."

"Maskini," alisema Ansbert, akiweka bega sawa. "Ingawa mimi nilikuwa najiuliza, nishani ya nini? Ananunua maharage yangu, anayauza. Si ndiyo kazi yake? Mimi nami nalima. Nani kanivisha hata kifungo?"

"Usimseme marehemu."

"Hajafa, anatingishika."

"Katuletea basi, Ansbert. Zamani Biharamulo ulikuwa unakwenda na nini?"

"Na nauli kanisamehe lini?"

Hapo akaingilia Eustakia, mjane anayelima karibu na barabara. Alikuwa anatembea kando ya machela akichomeka blanketi miguuni pa Ndassa lisianguke. "Kulipwa nauli siyo dhambi," alisema. "Wenye pesa walikuwepo kabla yake na hawakuleta hata mkokoteni. Wampe nishani yake, mimi sina neno." Akachomeka upande wa pili. "Ila basi lake lilinipita na binti yangu, nimemlaza kando ya barabara. Konda akachungulia dirishani, akasema bosi kakataza wagonjwa wa kulala, wanachafua viti. Ndiyo maana machela bado tunayo. Funika na mkono huo, utapata baridi."

Mkono ulioning'inia ukaingia ndani wenyewe. Baada ya hapo blanketi halikutingishika tena.

Uwanjani kwaya ilikuwa imejipanga kwa wimbo wa pongezi. Walipoona machela imefunikwa na watu wameiandama, sauti ya kwanza ikaanza shangwe, ya pili ikaanza kilio. Irine, mke wa Ndassa, akaangukia viti vya wageni. Ndipo mumewe akainuka na kuketi, tai shingoni kama kamba ya mbuzi. Nimewahi kuona watu wakikimbia, lakini sijaona mpishi akiruka sufuria ya wali kama siku ile. Halafu kicheko kikapasuka, na hakikuisha mpaka jioni. Watu walizama kwenye mirija ya pombe wakiigiza jinsi kila mmoja alivyolia. Eustakia alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo. Ndassa, alipopewa nafasi ya kuhutubia, alisema asanteni, akaketi.

Mjomba peke yake hakucheka.

Ndassa alivishwa nishani, tukatazama kwenye televisheni ya dukani, mjomba akapiga makofi kama wengine. Wiki iliyofuata Odeta, binti wa jirani, uchungu wa kuzaa ukamzidi, na machela ikashuka kilima kama kawaida. Ansbert alikuwa shambani. Aliegemea jembe.

"Leo mnambeba nani, Gaspari? Mwenyekiti wa kijiji?"

Vicheko vikajibu kutoka mashamba mengine. Hakuna aliyekuja. Wanne walewale wakavuka barabara na kuanza kupanda, na katikati ya kilima goti la mjomba likakataa. Alipiga goti chini, mti ukiwa bado begani. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: akavuta blanketi, uso wa Odeta ukawa wazi mbele ya kila mtu, umeloa jasho.

"Tazameni basi!" alilia. "Tazameni!"

Ansbert alitupa jembe, akaja mbio. Odeta alifika, mtoto akalia vizuri. Mjomba alipokwenda kuomba radhi kwa kumwanika, Odeta alimwambia, "Babu, saa ile hata ungeniuza nisingejua." Lakini mzee alirudi nyumbani kichwa chini. Haiwezekani kumfunua kila mgonjwa, alisema.

Ndassa alisikia. Alipanda kilima kwa miguu, akakaa kwenye kigoda cha Kalista akifuta jasho.

"Nimewaambia madereva wawabebe wagonjwa wa kulala," alisema.

"Vizuri."

"Watalipa viti vitatu. Wanachukua viti vitatu."

Mjomba alicheka mpaka akashika goti. "Wewe ni mfanyabiashara, Ndassa."

"Ulitaka niwe nani?"

"Huyohuyo. Kazi yako umeifanya, na wengi wenye pesa kama zako hawaifanyi. Kuvishwa, uvishwe. Kubebwa ndiyo hapana." Akanyoosha goti lake. "Sasa watu hawakimbii. Hilo basi lako haliwezi kupanda kule juu, hata kwa viti kumi."

"Nifanye nini?"

"Ukikutana nayo, kimbia. Wakuone."

Likizo ilipokwisha nilipanda basi la Biharamulo. Ndassa mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, akilalamika kuhusu matairi. Mbele kidogo dereva alifunga breki: machela ilikuwa inavuka barabara, imefunikwa, wabebaji wanne, mashambani watu wamesimama na majembe wakitazama. Mmoja wao alishaanza kutabasamu.

Ndassa alifungua mlango akashuka. Alikimbia vibaya, tumbo likitangulia, viatu vya mjini vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Alipofika akaingiza bega chini ya mti upande wa nyuma, akayumba, akashika.

Yule wa shambani aliacha kutabasamu. Nikamwona Ansbert akiruka mtaro, na nyuma yake wengine, wakishuka kutoka pande zote mbili za kilima.

"Bosi, tutachelewa!" konda alipiga kelele dirishani.

"Shuka nawe!" sauti ya Ndassa ilirudi, imekatika pumzi.

Abiria walicheka, kisha mmoja akasimama, na mwingine. Nami niliacha mkoba wangu kitini, nikashuka.