Jibwa Langu na Mchezo Wake wa Kuangusha

Mbwa wangu hakuwa mkali. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu kule kwetu, milimani juu ya Kitomanga, wapo watu mpaka leo wanaosema nilifuga chui. Uongo mtupu! Alikuwa na mchezo tu, na mchezo wake ulikuwa wa kuangusha. Akimwona mwenzake anakuja zake taratibu, humkimbilia kutoka mbali, humgonga kwa kifua, humbwaga chini, kisha humng'ata sikio na kulivuta huku mkia wake ukichezacheza kwa furaha. Mwenzake analia, yeye anadhani wanacheka pamoja.

Enzi hizo mtawala alikuwa Mwingereza, na Bwana Shamba alikuwa ametoa amri kila nyumba ilime muhogo wa akiba ya njaa. Jumbe akapita kukagua matuta. Amri nzuri, siikatai, ila hakuna aliyewaamuru nguruwe pori wasiule. Mume wangu alikuwa ameondoka na mkataba wa kukata mkonge huko karibu na Mingoyo, nami nilibaki na bibi yangu mzaa mama, shamba la muhogo, na jibwa hilo. Mahindi yalikuwa yamenyauka mwaka ule. Muhogo ukiliwa, sisi wawili tungekula nini? Kila nilipokwenda shambani nilikuta tuta jingine limefumuliwa.

Dawa ya nguruwe kwetu ilikuwa msako. Wanaume walitoka na mikuki, madebe matupu ya mafuta ya taa, na mbwa wa kijiji kizima. Wapiga madebe waliziba upande mmoja wa kichaka, mbwa wakaachiwa waingie, na nguruwe wakachomoka upande wa pili, wakakutana na mikuki. Nyama yenyewe sisi hatuli. Waliouawa walichukuliwa na majirani zetu Wakatoliki wa ng'ambo ya bonde, wakatushukuru sana. Sheria ilikuwa moja: nyumba iliyotoa mbwa, vichaka vya kando ya shamba lake vilisakwa. Nyumba isiyotoa mbwa ikae na nguruwe wake.

Basi siku moja jibwa langu likambwaga mbwa jike wa mkuu wa msako, likamtegua mguu. Mkuu huyo alikuwa mzee mwembamba, tukimwita Babu sote, hata tusio wajukuu zake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakuna aliyebishana naye. Alikuja nyumbani kwetu na fimbo yake, akasimama uani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbwa wako amemtegua mguu mbwa wangu."

"Alikuwa anacheza, Babu."

"Na nguruwe je? Naye anacheza na muhogo wako?"

Nikafyata mkia kuliko mbwa mwenyewe. Babu akasema mbwa wake angepona kabla mwezi haujaandama, na siku atakapopona tutasaka. "Siku hiyo mlete huyo wako," akasema. "Akimwumiza mwenzake hata mmoja, nitammaliza palepale kwa rungu langu, na shamba lako usinitajie tena."

Nikaanza mafunzo siku ileile. Kila alasiri mbwa wa majirani walikuja uani kwetu kungoja ukoko wa ugali, kwa hiyo wanafunzi hawakukosekana. Nilikaa na debe na mwiko mkubwa. Jibwa langu likimwangusha mtu, samahani, likimwangusha mbwa mwenzake, mimi nalipiga debe, gwa! gwa! gwa!, nikipiga na kelele juu yake. Kwetu ndivyo tulivyofanya sote. Mbwa ukimgusa pua imelowa una kazi ya kuosha mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa udongo, kwa hiyo hakuna aliyemwamulia mbwa kwa mikono. Mbwa wakishikana, unachukua debe.

Nilipiga debe siku tatu. Siku ya kwanza aliangusha wawili. Siku ya pili wanne. Siku ya tatu alimwangusha mbuzi wa jirani ambaye hata hakuwa amealikwa. Mikono ilinivimba, sauti ikakauka, na yule jibwa kila nikizidisha gwa gwa naye anazidisha. Nikaanza kuamini kweli nimefuga chui. Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, maana wajukuu zangu wanajua kusoma.

Bibi yangu alikuwa barazani, miguu ameinyoosha, anasuka ukili. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Yeye hakuwapenda mbwa hata kidogo. Akaweka ukili chini.

"Mke mwenzangu."

"Abee, bibi."

"Unampigia ngoma, halafu unamkataza kucheza?"

"Ngoma gani tena, bibi?"

"Hilo debe. Tangu yu mtoto, akisikia debe anaambiwa nini?"

Mwiko ukabaki hewani. Lo! Tangu mtoto, akisikia debe, maana yake nguruwe yupo: kimbia, gonga, bwaga, shika sikio. Tulimsifu kwa hilo. Tulimpa ukoko kwa hilo. Na mimi siku tatu nzima nilikuwa nikimchochea kwa mikono yangu miwili, kisha namtukana kwa kutii. Nikakumbuka pia siku aliyomtegua yule jike mguu. Wanawake tulitoka na madebe matatu tukawazunguka, na kadiri tulivyopiga ndivyo vumbi lilivyopanda. Niliona aibu. Bibi akacheka mpaka akakohoa, nami nikamkasirikia, kisha nikacheka pia.

Kesho yake debe nikalifungia ndani. Nikamfunga jibwa kamba ndefu ya katani, nikaiacha iburute chini, na mimi nikakaa kimya. Kukaa kimya kwangu si kazi ndogo, ulizeni watu. Lakini nilipofunga mdomo ndipo nilipoanza kuona. Kabla ya kuangusha alikuwa na dalili zake: anafunga kinywa, mkia unakakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama. Mwenzake naye anageuza uso na kukunja mkia, anasema imetosha, na huyu bwana hasikii. Hapo ndipo pa kuingilia. Nikiona kinywa kimefungwa, nakanyaga kamba, namwongoza polepole nyuma ya jiko, tunakaa. Simpigi, simsemeshi. Pumzi ikitulia, tunarudi. Akianza tena, tunakwenda tena nyuma ya jiko. Siku ya kwanza tulikwenda huko mara nyingi hata ugali ukaungua. Baada ya siku nyingi alikuwa akifunga kinywa, anageuka kunitazama, kisha anajitikisa na kujiondokea mwenyewe. Nilimpenda sana siku hiyo, nasema wazi.

Mwezi ukaandama, jike wa Babu akapona. Wanawake hatukuwa tukienda msakoni. Kazi yetu ilikuwa kupika na kungoja. Ila mume wangu hakuwapo, na mwanaume mwingine hakuna aliyetaka kumshika jibwa langu, basi nikajifunga kanga kiunoni nikaenda. Babu alinitazama, akaguna, akaniacha. Kamba ikabidi niifungue, kwa sababu kichakani ingemnasa.

Tulianza na kichaka cha upande wa Babu. Madebe yakalia, mbwa wakaingia, na jibwa langu likakimbia bega kwa bega na wenzake bila kumgusa hata mmoja. Nguruwe wawili wakauawa. Nikashusha pumzi. Kumbe mapema! Wanaume walifurahi, wakaendelea kupiga madebe kwa shangwe, wanaimba, wanarukaruka, na mbwa wakatoka kichakani damu imewachemka. Nikamwona jibwa langu anafunga kinywa. Kamba hakuna ya kukanyaga. Kabla sijafika amemgonga yule jike, amembwaga, amemshika sikio.

Babu akaja na rungu limeinuliwa. Wale wapiga madebe, kwa nia njema kabisa, wakawazunguka mbwa na kupiga kwa nguvu zaidi ili waachane.

"Babu!" nikapiga kelele. "Mpige ukitaka! Lakini kwanza wanyamazishe hawa!"

Hakuna mwanamke aliyewahi kumpigia Babu kelele namna ile. Akasimama, rungu liko juu, akanitazama mimi, akawatazama wale wenye madebe. Kisha akainua mkono wa pili. Debe moja likanyamaza, na la pili, na mengine. Wa mwisho alikuwa bwana mmoja aliyefumba macho kwa raha, ikabidi mwenzake amshike mkono.

Kukawa kimya. Jibwa langu likaachia sikio. Likasimama, ulimi nje, likatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa usingizini. Jike akainuka, akajikung'uta vumbi, akamng'ata mdomoni mara moja, kap! Jibwa langu likalala kifudifudi. Halafu yule jike akainamisha kifua, akainua makalio, akaanza kumwita wacheze.

Babu akachuchumaa. Akamshika jike wake mguu huu, akashika na ule, akapekua sikio. Hapakuwa na jeraha. Akayatazama madebe mikononi mwa watu wake mmoja mmoja.

"Kumbe ni sisi," akasema.

Machozi yalikuwa yananitoka, lakini mdomo wangu haujawahi kuniangusha.

"Ndiyo, Babu, ni nyinyi," nikamwambia. "Na shamba langu ndilo linalofuata."

Akainuka, akachukua mkuki wake, akashika njia ya kwenda kwenye muhogo wangu.