Gari Lililolala Upande

Fundi Upepo alibandikwa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza magari yanayobebwa na mipira ya hewa badala ya springi, na kwa miaka ishirini na tisa sifa yake ilikuwa sikio. Gari likianza kulala upande, wenzake walibadilisha vipuri kwa kubahatisha. Yeye alizima redio, akainamisha kichwa, akasikiliza hewa inakotorokea.

Siku moja dereva wa kike alimletea gari la kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Jioni liliegeshwa likiwa sawa, asubuhi likakutwa limekalia gurudumu la nyuma kushoto. Gereji mbili zilikuwa zimebadilisha kompresa, mashine ya kujaza hewa, wapi. Dereva alieleza kwamba jana yake, kwa vile gari lilikuwa limeinama, mgonjwa mmoja, mzee wa heshima zake, ilibidi abebwe mgongoni mpaka kitini.

Upepo aliliinua gari kwa jeki, maana magoti yake yalikuwa yamekwisha kuzikataa ngazi za shimo la kukagulia magari kwa chini. Akazima redio. Kimya. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira, kwenye valvu, kwenye kila kiungo, lakini hakuna palipotoa mapovu. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu alilishusha gari, akaketi juu ya tairi kuukuu, hoi bin taabani. Hakuwa amemwambia mtu kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limeziba, na la kulia lilivuma mchana kutwa kama jiko la mafuta.

Mkewe akaingia na chakula. Aliweka bakuli juu ya meza ya spana, kisha akasimama.

"Nini kinapiga mluzi hapa nyuma?"

Upepo alimjibu kwamba hakuna kitu. Mkewe akamgeukia.

"Baba watoto, mimi nimejua tangu mwaka jana. Siku hizi unaniitikia hata nisipokuita."

Alitaka kukasirika, ila hata nguvu za kukasirika hakuwa nazo. Akacheka kidogo, akajipangusa uso kwa kitambaa chenye grisi, akamwomba amwonyeshe ni wapi.

Walilisukuma gari hadi juu ya shimo. Upepo akateremka ngazi moja moja, akishika ukuta, na mkewe akiwa juu akamwelekeza kwa kidole: mbele kidogo, hapo hapo. Lilikuwa bomba jembamba la hewa, limesuguliwa na kishikizo cha chuma mpaka likapata ufa. Gari likiinuliwa kwa jeki, bomba lilinyooka na ufa ukajifumba. Likikanyaga chini, bomba lilipinda na ufa ukafunguka. Kumbe siku zote tatu jeki yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiuficha ugonjwa.

Akaweka bomba jipya, akalifunga mbali na chuma, akapima urefu kutoka gurudumu hadi ukingo wa bodi. Asubuhi akapima tena: haukupungua hata nusu sentimita. Dereva alipomshukuru, Upepo alisema kweli, kwamba aliyeisikia hewa ni mama watoto.

Wiki iliyofuata daktari wa masikio alimwambia kilichopotea hakirudi. Upepo alikubali bila kubisha. Alirudi gereji, akawaambia wateja wawe wanasimama upande wake wa kulia wakitaka kusema naye, na waseme polepole, kwani amechoka kujifanya anasikia.