Piano ya Chizuru na Ukuta wa Bwana Mikami

Mtu wa Kyoto hakwambii nyamaza. Atakusifia, na usipoelewa ni shauri yako. Mgeni akiambiwa abaki kidogo ale wali wa kumwagia chai, mwenye akili zake huanza kutafuta viatu. Chizuru Okuno alizaliwa humo, akalelewa humo, akauza achari sokoni mpaka kichwa kikajaa mvi, na kwa lugha hiyo ya kupindapinda hakuna aliyemuweza. Mteja msumbufu alikuwa anamwondoa kwa kuisifia saa yake ya mkononi tu. Mimi nasema ujuzi huohuo ndio uliomponza.

Alipostaafu, dada yake mkubwa alihamia nyumba ya wazee, akamwachia piano yake, ile kubwa ya mbao. Utotoni aliyefundishwa piano alikuwa dada. Yeye, mtoto wa pili, kazi yake ilikuwa kusimama pembeni na kufunua kurasa. Sasa mume alikuwa ametangulia, watoto hakujaliwa, na kurasa za kumfunulia mtu hazikuwepo tena. Akasema potelea mbali, najifunza. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya mtu aliyeshinda maisha yake yote kwenye maji ya chumvi, na kweli ndiko vilikoshinda. Akamtafuta mwalimu, akaanza na kitabu cha watoto. Akakosea, akarudia, akakosea palepale, akarudia tena.

Nyumba yake ni ile ya safu, nyembamba, ya kizamani, inayogawana ukuta wa udongo na jirani. Upande wa pili aliishi Bwana Mikami, mgane, aliyekuwa fundi wa milango ya mbao kabla magoti hayajamgomea. Hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi walikutana nje kila mmoja akifagia mbele ya mlango wake, wakasalimiana, basi. Alikuwa amekaa mtaani pale zamani sana, hata Chizuru alishasahau kwamba kwao si Kyoto, kwao ni Aomori, kaskazini kabisa, kwenye theluji na matofaa, ambako mtu akitaka chumvi anasema nipe chumvi.

Asubuhi moja mzee akaegemea ufagio wake.

"Mama Okuno," akasema, "piano yako siku hizi imekuwa nzuri sana. Hasa kile kipande cha polepole."

Uso ulimshuka Chizuru. Aliinama, akaomba radhi, akainama tena, akaingia ndani. Siku zote hizo alikuwa anamtesa mzee wa watu! Mchana akaenda kumsimulia Yasuyo, mwenzake wa zamani wa duka la achari, akitumaini ataambiwa kwamba anajishuku bure. Yasuyo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Amekutajia mpaka kipande chenyewe?" akasema. "Basi huyo amekuchoka kabisa. Funga kifuniko, dada, kabla hajaanza kukusifia afya."

Chizuru akanunua vitamu vya maharage vilivyofungwa vizuri, akampelekea jirani kuomba msamaha. Mzee akavipokea huku anashangaa, akauliza ni vya nini. Hilo nalo Chizuru alilichukua kuwa ni ustaarabu wake. Wiki hiyohiyo piano ya dada ikabebwa na wachukuzi, ikapelekwa shule ya chekechea. Naye akaenda mjini kutafuta piano ya umeme, ya kupigia kwenye hedifoni, asisikike na kiumbe yeyote.

Muuzaji, bwana mmoja mpole mwenye miwani, alimkalisha kwanza kwenye piano pana ya rangi ya karanga. Vibao vyake vilikuwa vizito upande wa kushoto na vyepesi upande wa kulia, kama piano ya kweli, na chini yake kulikuwa na spika kubwa. Chizuru akapiga kile kipande cha polepole. Sauti ilitoka nene, ya moto, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita na mizigo yake akasimama. Hiyo ndiyo aliyoipenda, nawaambia, aliipenda kama mtu anavyopenda, na mikono haikutaka kuondoka pale.

Lakini aliinuka, akaomba aonyeshwe isiyo na kelele.

Akaonyeshwa nyingine, nyembamba, nyeusi, vibao vyake vimelazwa juu ya kitambaa laini ili hata kishindo cha kidole kisisikike. Chizuru akaomba izimwe. Kisha akainama, akalaza sikio karibu na vibao, akaanza kuvigonga kimoja kimoja huku piano haina umeme, watu wanamtazama. Muuzaji alisema kazi hii ameifanya miaka mingi lakini mteja anayejaribu piano iliyozimwa ndio kwanza anamwona. Akamkumbusha kwamba anayejifunza anahitaji kibao kinachompendeza kidole, la sivyo atachoka njiani. Chizuru akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugonga.

"Lakini hii ni ya watu wa hedifoni, mama," muuzaji akasema mwishoni. "Spika zake ni jina tu. Siku ukitaka mtu akusikie, zitakuangusha."

"Siku hiyo haipo," Chizuru akajibu, akainunua.

Na kweli akawa anapiga kila siku, hedifoni masikioni, nyumba kimya. Aliendelea vizuri. Pale alipokuwa anakosea sikuzote kwenye kile kipande, akapapita, na hakuwepo wa kumwona anavyotabasamu peke yake. Bwana Mikami alimwambia asubuhi moja kwamba siku hizi kwake kumekuwa kimya. Chizuru akasikia shukrani. Akainama, akamshukuru naye kwa uvumilivu wake. Mzee akaendelea kufagia. Tangu hapo hakumwambia lolote zaidi ya salamu, na Chizuru akawa anatembea kifua mbele, anajiona jirani mwema kuliko wote mtaani.

Baridi ilipokaza, mzee akaugua kifua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Binti yake, Kikue, akaja kutoka Aomori kumzika baba na kufunga nyumba. Mwanamke wa makamo, mashavu mekundu, sauti ya juu, maneno yamenyooka. Chizuru akaenda na ubani kutoa pole. Alipokwisha kuinama mbele ya picha ya marehemu, macho yake yakaangukia godoro. Lilikuwa limetandikwa kwenye pembe yenye giza, limebanwa kwenye ukuta wao wa kugawana, mbali na dirisha. Akauliza, kwa kuuliza tu, kwa nini mzee alijibana kule.

"Si kwa ajili yako?" Kikue akasema. "Alilihamishia hapo akusikie. Alikuwa akinipigia simu ananisimulia: leo amekosea palepale, leo kidogo apite. Halafu ukaacha. Akasema amemkwaza mama wa watu, na hajui alisema nini."

"Alisema ni nzuri," Chizuru akasema.

"Ndiyo. Si ndivyo alivyoona?"

Utamwelezaje mtu kwamba sifa ya baba yake, iliyotoka moyoni, wewe uliichukua ukaigeuza tusi, ukamfungia mzee piano mpaka akafa? Chizuru alikaa chini kwenye mkeka, akalia bila kujificha, jambo ambalo kwao halifanyiki nyumbani kwa watu. Neno moja lingetosha. Mzee, unasema kweli? Lakini alikuwa hodari mno wa kuelewa yasiyosemwa, akashindwa kuelewa lililosemwa. Nami naona uchungu mpaka leo, kwa sababu wote wawili walikuwa wanataka kitu kilekile.

Akajifuta uso. Akamwomba Kikue akae pale kwenye godoro la baba yake, asiondoke, asifungue hata kabati.

"Nakwenda kumpigia," akasema. "Kile cha polepole. Siku hizi napita."

Akaenda kwake karibu anakimbia. Akachomoa hedifoni, akaongeza sauti mpaka mwisho, akakaa, akapiga. Alipiga kwa mikono yake yote miwili na moyo wake wote, akafika pale pa kukosea, akapita, akamaliza. Mkono wa kushoto ulipoachia noti ya mwisho, machozi yalikuwa yanadondokea vibao. Hajawahi kupiga vile, wala sidhani kama atapiga tena.

Akarudi bila viatu. Kikue alikuwa amekaa palepale, sikio lake limegandamana na ukuta.

"Umesikia?" Chizuru akamuuliza.

Mtu wa Kyoto angesema ilikuwa nzuri sana. Kikue alikuwa mtoto wa baba yake.

"Hapana, mama," akasema. "Nimetega sikio mpaka limeniuma. Sikusikia kitu."