Mtoboaji wa Barabara ya Danforth

Mama aliyetoboa watu pua na masikio pale Barabara ya Danforth, huko ughaibuni, alipenda kuipasha mikono yake moto kwenye kikombe cha chai kabla ya kuvaa glavu, na kila alipomgusa mteja alisema "niwie radhi" kwa Kiswahili laini cha Mombasa. Arzina alimwendea kwa sababu duka la kwanza lilimtoboa pua chini mno, karibu na ukingo, na arusi ya dada yake ilikuwa Jumamosi. Alitaka tundu jipya papo hapo.

Mama yule akakitoa kipini polepole. "Tuliache tundu hili lizibe, mwanangu. Nikitoboa leo karibu na uvimbe huu, nitakuharibu zaidi."

"Na arusini nitavaa nini, mama?"

Mama akavua kipini cha puani mwake, akakisafisha kwa spiriti, akambana nacho Arzina upande wa pili wa pua. Kumbe kilikuwa cha kubana tu. Pua ya mama mwenyewe haikuwa imetobolewa. "Sindano naziogopa," akasema.

Theluji ilipoyeyuka, Arzina alirudi na boksi la mithai, vile vitamutamu vya arusini, akatobolewa mahali panapostahili. Sindano ilipopita, aliyezuia pumzi alikuwa mama mwenyewe.

"Pumua, mama," Arzina akamwambia. "Ahsante. Sikuumia."