Mbwa Aliyekataliwa na Mzee wa Timbwani

Mtu aliyenifundisha kumtazama mbwa ametutoka. Habari zilinikuta Bamburi kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, nikafika Timbwani nusu nyingine nimeificha ndani ya kofia. Nilikuta maji ya kumkoshea maiti yanatekwa. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta amesimama mlangoni akiwaagiza waoshaji: "Huyu bwana ameshika mbwa umri wake wote. Mkosheni mara saba, moja kwa udongo, kama chombo kilichorambwa na mbwa." Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemnyamazisha, na kwa aibu yangu nami sikumnyamazisha. Hasira ninayoandika nayo leo imeanzia hapo.

Marehemu alikuwa mwanajeshi, na kazi yake ilikuwa kuchagua mbwa wa kambi: wa kunusa baruti na wa kulinda lango. Ujanani, kabla miguu haijaanza kunizungusha, nilikuwa kibarua wa kufagia vibanda vya mbwa hao. Kumpima mbwa, mzee alimwacha ale, kisha akaangusha sinia ya bati nyuma yake. "Kushtuka, wote hushtuka," aliniambia. "Hata wewe umeruka, mwanangu! Tazama atarudi lini kwenye chakula." Aliyegeuka, akainusa sinia na kurudi kula, alimchukua. Aliyebaki akihema, mkia tumboni, chakula hakigusi, alimkataa hata angekuwa na kifua cha simba.

Siku moja aliletwa dume mweusi, anabweka mpaka mate yanaruka. Mkubwa wa kambi akafurahi. "Huyu ndiye! Tazama meno hayo." Sinia ikaanguka. Mbwa akajibana ukutani akitetemeka, halafu akabweka zaidi. "Afande, huyu hafai," mzee akasema. "Anabweka kwa hofu. Siku akikosa pa kukimbilia, atamuuma aliye karibu." Mkubwa akacheka: "Sisi twataka askari, mzee. Wewe unachagua bwana harusi?" Mbwa akapelekwa langoni. Haukupita mwezi, gurudumu la lori likapasuka pale, na mbwa akamgeukia askari aliyemshika kamba, akamrarua mkono. Na nani aliitwa kujieleza? Yule yule aliyemkataa! Akaambiwa hakumfunza vizuri, akastaafishwa kabla ya wakati, na mtaani ikabaki kuwa mzee ndiye aliyemleta mbwa muuaji. Mimi nilisikia kila neno siku ile alipomkataa, ufagio mkononi. Sikuulizwa, nami sikujitokeza.

Nimezunguka sana tangu hapo, Changamwe, Shanzu na kwingineko, na kila nilipopata kazi nimeukuta uchaguzi ule ule. Hotelini, msimamizi huwa yule anayewafokea wahudumu mbele ya wageni. Wakati wa kampeni, tunambeba mabegani mwenye kelele nyingi kuliko wenzake. Hatumwangushii sinia tukaona atafanya nini. Akishatuuma, tunamtafuta aliyetuonya, tunamwadhibu yeye.

Pale mlangoni, aliyemjibu jirani mwishowe alikuwa mjane, sauti yake ikitoka nyuma ya pazia. "Jirani, mume wangu alijikosha kwa udongo hapo mferejini kila jioni, mara saba kamili, ndipo avuke kizingiti changu. Miaka yote ulikuwa ukimwona ukutani kwako. Huo ulimi wako umeukosha mara ngapi?" Jirani akatafuta viatu vyake. Marehemu akakoshwa kama Muislamu yeyote.

Ndipo nikavua kofia. Watoto walicheka kichwa changu, lakini wakubwa walinisikiliza nikisema nilichopaswa kukisema kambini: yule mbwa, mzee alimkataa, nilikuwepo, nilisikia. "Alhamdulillahi," mjane akasema, "lakini umechelewa wapi, baba?" Wewe unayesoma haya, na umeshika ufagio mahali fulani huku masikio yako yakisikia, sema wakati anayesingiziwa angali hai.