Shimo la Mboji la Mama Mkwe

Mtu aliyenifundisha kilimo hai alikuwa amekula mshahara wa serikali miaka yote ya ujana wake kwa kuwahimiza wakulima watumie mbolea ya chumvichumvi. Alikuwa bwana shamba. Alipostaafu akajenga nyumba Kibondo, kando ya barabara iendayo Kasulu, na asubuhi moja, kwa simulizi yake mwenyewe, alishika udongo wa shambani kwake akauona umekufa. Nani aliyeuua, hakusema. Tangu siku hiyo akawa mtume.

Nilimfahamu mwaka 2012. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya fasihi, mtu ambaye makala zake mbili zilishawahi kutoka gazetini na ambaye hakuruhusu mtu yeyote Kibondo asilijue hilo. Yeye alikuwa na jarida na hakuwa na mwandishi. Mimi nilikuwa na majivuno na sikuwa na pa kuyaweka. Tuliafikiana siku hiyohiyo.

Jarida lenyewe lilikuwa kurasa nane, zikitolewa fotokopi kwenye duka la steshenari karibu na stendi na kubanwa pini mbili. Nusu lilihusu udongo, nusu lilihusu tumbo, na kwa bwana shamba hapakuwa na mpaka kati ya hizo nusu mbili. Presha, chunusi, ugomvi wa ndoa, watoto kufeli hesabu, vyote vilitokana na mahindi yaliyokuzwa na urea. Alikuwa na tabia ya kumwambia mtu atoe ulimi kabla hata ya salamu. Sokoni akina mama wauza dagaa walishamzoea. Wakimwona kwa mbali wanampangia ndimi nje, safu nzima, kisha wanacheka hadi kushika mbavu. Yeye hakuona kama ni dhihaka. Aliwapitia mmoja mmoja. "Wewe punguza chumvi. Wewe, ini. Wewe umekula chapati."

"Nimekula tatu, Mzee!" mmoja alijibu siku moja. "Niandike gazetini!"

Nyumbani kwake chai ilikuwa mchaichai bila sukari, na kila tonge lilitafunwa mpaka mgeni asahau lilikuwa la nini. Nilikula pale mara nyingi, nikimsifu, kisha nikipita mgahawani kula chipsi. Nasema haya ili msomaji ajue aina ya muumini niliyekuwa.

Makala iliyonipa sifa niliiandika mwaka 2014. Bwana shamba alitembea huku na huku akisema, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikipamba kwa methali. Ilihusu shimo la mboji. Chimba shimo, tulisema, hatua thelathini kutoka nyumbani, ili nzi wasiwafuate watoto. Kusanya kila kitu: majivu, maganda ya mihogo, makapi ya maharage, majani makavu ya migomba. Tupia shimoni, funika, subiri. Sikuwa nimewahi kuchimba shimo la aina yoyote. Hata choo nilichotumia nilikipanga.

Sasa, yeyote aliyewahi kuingia kwenye boma la Muha anajua kwamba mgomba unaanza pale ukuta unapoishia. Mama akimenya mihogo, maganda yanaishia migombani. Akipepeta maharage, makapi huko. Majivu ya jikoni, maji ya kuoshea vyungu, mavi ya mbuzi, huko huko. Kiangazi kikija, majani makavu yanalazwa chini mpaka mguu unazama. Hakuna aliyeita jambo hilo kilimo hai. Waliita kufagia. Sisi wasomi wawili tukaja tukaichukua taka kutoka mahali ilipokuwa ikifanya kazi, tukaipeleka mahali isipofanya kazi yoyote, na tukatoa jarida zima kusherehekea.

Nakala kumi nilizipeleka mwenyewe kijijini Titye, kwa mama mkwe wangu. Alikuwa mjane. Ukiacha kishamba cha maharage, mali yake yote ilikuwa migomba ile: ya kupika, ya kuivisha, na ya kukamulia pombe. Mikungu aliyoiuza Kasulu ndiyo iliyomsomesha mke wangu mpaka akawa mwalimu, na ndiyo iliyomfanya yeye asimwombe mtu chumvi. Tulisalimiana kwa kupiga makofi taratibu, mwidiwe, mwidiwe, mimi nikapewa kiti, yeye akakaa mkekani. Nikamsomea makala yote mbele ya majirani, pamoja na methali.

Aliuliza swali moja tu. "Na migomba, baba, itakula nini?"

"Itasubiri mboji, mama."

Akatazama mikono yake. "Haya, baba. Nimesikia."

Nikaondoka nimeridhika kama padri aliyebatiza.

Nilirudi Agosti mwaka uliofuata, likizo, pamoja na mke wangu. Kabla hatujafika mlangoni nilidhani tumepotea nyumba. Chini ya migomba palikuwa pamefagiwa peupe kama uwanja wa kanisa. Ardhi ilipasuka nyufa. Mikungu iliyokuwepo ilikuwa na vidole vya kuhesabika, na migomba mingi ilikuwa imelala chali, mizizi juu. Na kule ng'ambo, hatua thelathini kamili, palikuwa na shimo zuri kuliko picha yoyote tuliyowahi kuchapisha, pembe zake zimenyooka, limefunikwa kwa nyasi.

Mke wangu alinivuta nyuma ya nyumba. "Umeona ulichofanya?"

"Kwa nini hakuniambia? Kama alijua ni makosa, angesema!"

"Akwambie nani? Wewe ni mkwe."

"Mkwe ndiyo nini? Mimi ni mtu kama mtu mwingine."

"Wewe si mtu kama mtu mwingine hapa. Kwetu mama hambishii mkwe wake. Umekuja na karatasi ina jina lako, umekaa kwenye kiti chake, umemsomea. Ulitaka akwambie mbele ya majirani kwamba mume wa mwanawe hajui kitu? Alikuuliza migomba itakula nini. Hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote ulilowahi kutukanwa, msomi wangu, na hukulisikia."

Jioni hiyo ndizi zilizopikwa zilitoka kwa jirani. Nilizila. Mama mkwe aliniuliza kama jarida linaendelea vizuri.

Kibondo nilimkuta bwana shamba bustanini. Nikamwambia tumekosea, tuchape sahihisho ukurasa wa mbele. Alinisikiliza kwa upole unaowastahili wagonjwa.

"Hakufuata maelekezo," alisema.

"Mzee, amefuata hata idadi ya hatua."

"Basi hakuwa na subira. Udongo una siku zake, Mwalimu."

"Hana migomba sasa. Ana shimo."

Macho yakamng'aa. "Shimo limetoka vizuri? Kapige picha. Tunaliweka kwenye jalada."

Wiki chache baadaye, Warundi wakizidi kumiminika, kambi ya wakimbizi ya Nduta ikafunguliwa tena, na mashirika yakawa yanatafuta watu wa kuwafundisha wakimbizi kulima mboga kwenye magunia. Bwana shamba akapata kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na nafasi kwenye gari jeupe. Jarida likafa bila kuwaaga wasomaji. Nilimwona mara moja akishuka kwenye gari hilo, akimwambia mwanamke aliyebeba mgao wake wa unga na mafuta kwamba unga ule hauna uhai. Mwanamke akauweka chini, akamtazama, akaubeba tena, akaenda zake. Sikupata kusoma uhakiki bora zaidi wa kazi zetu.

Lakini kabla ya hapo, Septemba, mvua zikikaribia, nilikwenda Titye peke yangu. Nilikuwa nimeamua kwamba sahihisho lisipochapwa litabebwa. Nilivua shati, nikashika jembe na kikapu, nikaanza kutoa mboji shimoni na kuirudisha migombani. Mama mkwe aliponiona alishika kinywa. Mkwe, tena mwalimu, anabeba taka mchana! Hakunizuia, kwa sababu hambishii mkwe. Aliingia ndani akafunga mlango, ili asishuhudie aibu ile, na akabaki humo mpaka nilipomaliza.

Nilifanya kazi ile siku mbili. Kila mgomba uliobaki umesimama niliupa vikapu vitatu, nikaishindilia mboji kwenye shina, nikaizungushia vizuri kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Mikono ilitoka malengelenge. Nilijisikia mtu mwema, na hiyo ilikuwa dalili ambayo kwa umri wangu nilipaswa kuijua. Nikaaga mlangoni. Akaitikia kutoka ndani, akanishukuru, akaniombea safari njema.

Nilikuwa nimefika barabarani nilipokumbuka kwamba shati langu nililitundika kwenye uzio. Nikarudi. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa migombani, ameinama, ana jembe. Alikuwa anakwenda mgomba kwa mgomba akiivuta mboji yangu kuiondoa shinani, akiisambaza mbali kidogo kwa duara, na kuacha shina likipumua. Ukiirundika shinani, mke wangu alinieleza baadaye, unawaita wadudu wanaotoboa mashina, na mgomba uliobaki nao unaanguka. Mtoto yeyote wa Titye anajua. Alikuwa anafanya haraka haraka, akigeuka kutazama njia, kama mtu anayeiba.

Nilirudi nyuma polepole hadi kwenye kona ya njia, nikakaa juu ya jiwe, mgongo wazi, watoto waliotoka kuchota maji wakinicheka. Nilisubiri mpaka nikahesabu kwamba amefika mgomba wa mwisho. Ndipo nikainuka, nikakohoa kwa nguvu, nikapiga hodi kutoka mbali sana.